Mgiriki Hakukosea Hata Siku Moja

Huko mbele nitajisifu sana, kwa hiyo wacha nianze na aibu yangu. Mimi ndiye niliyeandika kwamba mzee wa chumba cha tisa amechanganyikiwa. Niliandika kwa vidole vyangu mwenyewe, bila kushurutishwa na mtu, kisha nikaenda kuswali adhuhuri roho yangu ikiwa imetulia kabisa.

Nafanya kazi katika nyumba ya wazee mjini Saint Paul, Minnesota. Mimi ni msaidizi wa wauguzi: naogesha, navalisha, nalisha asiyeweza kujilisha, na mwisho wa zamu naingiza kwenye kompyuta kila mmoja amekula nini na amesema nini. Mwaka huo nilikuwa na wazee wanane, na mmoja wao alikuwa Mgiriki. Alikuja Amerika akiwa kijana, akaosha vyombo katika mikahawa ya watu mpaka akafungua wa kwake. Baadaye mkewe akafariki, magoti yakakataa ngazi, na binti yake anayekaa Woodbury akamleta kwetu. Alikuwa mwembamba, mwenye nyusi nene, na alinyoa ndevu kila asubuhi hata kama hakutegemea mgeni. Dirishani aliweka vyungu vitatu vya mrehani, ule ule ambao wanawake wa kwetu Tanga huuchomeka kwenye nywele, na kila nilipoingia chumba kilinukia kama harusi ya nyumbani.

Ungedhani mrehani peke yake ungetosha kunifanya nimpende. Wapi! Niliingia chumbani mwake nimekaza uso na nikatoka nimeukaza. Wazee wengine niliwatania, huyu nilimhudumia tu. Sikujiuliza kwa nini.

Ramadhani ilikuwa imeingia, nami nilikuwa nimefunga huku nikibeba sinia za chakula cha watu tangu asubuhi. Wiki ya pili mzee akaanza kurudisha sahani. Yai hataki. Maziwa hataki. Kuku hataki. Siagi nikiipaka kwenye mkate, mkate nao hataki. Nilipomuuliza kulikoni, akanijibu, "Nimefunga." Saa sita mchana wa siku hiyo hiyo nikamkuta anakula dengu, anachovya mkate mkavu, anateremshia na chai. Nikasimama mlangoni na tumbo langu tupu nikamtazama. Mimi nimekulia kwenye saumu inayoanza alfajiri na kuisha jua linapozama. Leo mtu ananiambia amefunga huku mashavu yamejaa dengu! Nikaandika: anasema amefunga lakini amekula mchana, amechanganyikiwa.

Ijumaa jikoni walipika samaki. Akamkataa. Jumatatu iliyofuata wakapika samaki tena, akamla mpaka akabaki mfupa, akaomba na kipande cha pili. Nikaandika hilo pia.

Kisha ikafika Jumapili ya Pasaka. Ukumbi ulipambwa kwa sungura wa karatasi, na wazee wakaandaliwa paja la nguruwe, ambalo mimi hulibeba nimevaa glavu mbili na kuangalia pembeni. Mzee akasukuma sahani. "Leo si Pasaka," akasema. Muuguzi mkuu, mama mwenye haki na asiyependa mchezo, akainama akamwambia kwa upole kwamba leo ndiyo Pasaka yenyewe. Mzee akatikisa kichwa. "Bado. Zimebaki wiki tano."

Mezani pake alikaa mstaafu mmoja wa reli, mtu wa maneno mengi, ambaye tangu majira ya baridi alikuwa na utani mmoja tu, kwamba Mgiriki ni mwizi. Akautoa tena siku hiyo: "Mgiriki akikaa mezani, hesabuni vijiko!" Meza nzima ikacheka. Nami nilicheka, nisiseme uongo. Mzee akaomba arudishwe chumbani, na tangu siku hiyo akawa anakula peke yake kando ya mrehani wake.

Nilipokuwa namsaidia kuvua viatu akaniambia, "Watu hapa hawawapendi Wagiriki."

"Mzee, hakuna kitu kama hicho," nikamjibu.

"Kipo. Nakijua tangu nilipofika."

Nikamvua kiatu cha pili, nikaenda nikaandika: anaamini kwamba watu wanawachukia Wagiriki.

Jambo hilo likawa gumzo la chumba cha mapumziko. Kuna Mkenya mmoja tunayefanya naye zamu, mchapakazi asiyefunga mdomo, naye alikuwa na msimamo wake. "Ai, wewe nawe! Huyo mzee si mzungu tu kama wazungu wengine? Juzi mimi nilikuwa na-park gari, mtu akaniambia nirudi kwetu. Sasa yeye ni nani amemwambia arudi Ugiriki? Hizo ni jokes tu, wachana nazo." Nikamuunga mkono. Hata binti wa mzee, alipokuja na maua yake ya dukani, nilimsikia akimwambia baba yake jambo hilo hilo: amezaliwa hapa, amesoma hapa, na hajawahi kuona mtu anayechukia Wagiriki. Ikawa watu wote tumeafikiana kwamba jambo hilo halipo, na anayeliona ni mmoja tu.

Wiki hiyo muuguzi mkuu akajumlisha. Mzee anakataa chakula na amepungua uzito. Hajui siku. Anaona anachukiwa. Kikapangwa kikao: yeye, ofisa ustawi wa jamii, binti wa mzee na mzee mwenyewe, kuzungumza juu ya kumhamishia ghorofa ya chini. Ghorofa ya chini ni ya waliopotewa na kumbukumbu kabisa. Mlango wake hufunguliwa kwa namba za siri, madirisha yanatazama ukuta, na vyungu vya mimea haviruhusiwi kwa sababu wapo wanaokula udongo. Nimewahi kufanya kazi kule. Aliyeteremka kule akiwa na akili zake timamu hakai nazo muda mrefu. Nikasikitika kidogo, nikaendelea na kazi.

Jioni ya siku hiyo nilikuwa nyumbani kwetu Bloomington, naandaa futari. Binti yangu ana miaka kumi na tatu. Anaelewa kila neno la Kiswahili ninalosema na ananijibu kwa Kiingereza, ndivyo walivyo wote huku. Nilipogeuka kuchukua uji, nikamwona anaficha sambusa mbili za mwisho chini ya kitambaa. Nikamkaripia kama bibi yangu alivyokuwa akinikaripia mimi: "Mgiriki we!"

Akacheka, akazirudisha. Kisha akaniuliza, kwa Kiingereza chake, hilo neno hasa lina maana gani, maana nimemwita hivyo tangu mdogo. Nikamweleza. Babu yangu alikata mkonge huko Muheza, enzi zile mashamba mengi yakiwa mikononi mwa Wagiriki. Siku moja ncha ya jani la mkonge ikamtoboa jicho. Msimamizi, Mgiriki, akamwambia amalize kwanza kazi ya siku ndipo aende kwa daktari. Akamaliza. Jicho halikurudi. Tangu hapo nyumbani kwetu mchoyo akawa Mgiriki, mwenye roho mbaya akawa Mgiriki, mtoto anayeficha mhogo wa kuchoma akawa Mgiriki.

Binti yangu akamaliza kutafuna tende yake. Halafu akauliza, "Kwani yule mzee wako wa kazini, unayesema anajidhania tu kwamba anachukiwa, si Mgiriki?"

Uji ulipoa mkononi mwangu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuona mbele ya mtoto. Miaka yote nimelibeba neno lile kutoka Muheza mpaka Minnesota, nimempa mwanangu pamoja na tende na sambusa, kisha nikamwambia mzee wa watu machoni pake kwamba kitu hicho hakipo.

Kama hiyo haikutosha, dada yangu akapiga simu kutoka Tanga kunipa habari za mwezi. Kama kawaida walikuwa wameanza kugombana mapema: upande wa shemeji wataswali Idd siku moja, upande wetu siku inayofuata, na kila upande unawaona wenzao hawana akili. Nilikuwa nacheka naye huku nasugua sufuria, ghafla nikaacha kusugua. Sisi tuna Idd mbili katika mtaa mmoja. Kwa nini Mgiriki asiwe na Pasaka yake?

Asubuhi nikaenda moja kwa moja chumba cha tisa, nikavuta kiti nikakaa, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nikamwambia, "Mzee wangu, nifundishe saumu yako."

Akanitazama kuona kama namdhihaki. Kisha akanyoosha kidole ukutani. Kulikuwa na msumari ambao mimi mwenyewe nilikuwa nautundikia sweta lake kila jioni. Nikaondoa sweta. Chini yake ilikuwepo kalenda ya kanisa lao, maandishi yote ya Kigiriki, na kwenye baadhi ya siku kumechorwa picha ndogo. Akanielekeza. Siku zote hizi hakuna nyama, hakuna yai, hakuna maziwa wala siagi, na samaki hakuna. Dengu ruksa, maharagwe ruksa, mchana au jioni hakuna ubaya. Hapa, Jumatatu hii, ni sikukuu ya Mama wa Yesu kupewa habari na malaika, samaki anaruhusiwa. Na kweli, juu ya Jumatatu ile alikuwepo samaki mdogo wa buluu, mkia juu.

"Nilikuambia nimefunga," akasema.

"Nilidhani…"

"Ulidhani mimi mwongo."

"Ndiyo," nikasema. Nikajikaza kisabuni nikamweleza na mengine yote: babu, mkonge, jicho, sambusa, na neno lenyewe. Nikalitamka kwa Kiswahili, naye akalirudia polepole, mara mbili.

Aliniuliza mkonge unafananaje, maana yeye ni mtoto wa mchunga mbuzi wa milimani na hajawahi kuuona. Nikamwonyesha kwa mikono. Kisha akauliza, "Babu yako alimsamehe?"

"Hapana."

"Alikuwa na haki," akasema mzee. Akavunja kijitawi cha mrehani, akanipa. "Lakini mimi sikuwepo."

Kikao kilikuwa kimebakiza siku sita. Nikaomba orodha ya milo ya mzee, nikanakili kalenda, nikaketi nayo chumba cha mapumziko siku baada ya siku. Mkenya wangu akaja kunicheka. "Sasa wewe umekuwa lawyer?" Lakini hakuweza kujizuia, akavuta kiti. "Haya leta hiyo calendar tu-compare. Wednesday ile alikataa nini?" Nikamwambia. Akaangalia. Tukaenda siku ya pili, ya tatu, ya kumi. Tulipofika kwenye samaki wa Jumatatu akapiga meza. "Wacha! Hata hiyo ako right! Mimi siwezi kumbuka nimekula nini jana, na huyu ndiye wanasema amesahau?" Mzee hakukosea hata siku moja. Kila alichokataa kilikuwa kimekatazwa, na kila alichokula kilikuwa ruksa.

Wasaidizi hatuitwi kwenye vikao. Nikabisha hodi nikaingia hivyo hivyo, karatasi zangu kifuani. Muuguzi mkuu alishangaa lakini hakunitoa. Mzee alikuwa amevaa koti na tai. Binti yake alikuwa na macho mekundu.

Nikatandaza kalenda na orodha mezani nikawapitisha siku moja moja. Kiingereza changu huwa kinapotea nikiogopa, siku ile kilinitii chote. Muuguzi mkuu akavaa miwani, akaanza kufuata kwa kalamu. Mwanzoni alikuwa anasikiliza kwa adabu tu. Alipofika katikati akawa ananitangulia, anaweka alama mwenyewe. Akamgeukia mzee, "Pasaka yako ni lini?" Mzee akajibu papo hapo, "Wiki tatu baada ya Jumapili hii inayokuja." Ofisa ustawi akatafuta kwenye simu yake, akamwonyesha muuguzi mkuu. Ilikuwa kweli.

"Bado kuna hili la kuchukiwa," akasema ofisa ustawi. "Hilo halina msingi."

"Baba, kwa kweli hakuna anayewachukia Wagiriki," binti yake akasema, na sauti yake ilikuwa ya kubembeleza.

Nikapiga moyo konde. "Humu ndani yupo," nikasema. "Ni mimi." Nikawaambia yote, na yale ya vijiko mezani, na kwamba mimi nilicheka. Nikawaambia kwamba kama mzee ni mgonjwa kwa kuyaona yaliyopo, basi waniandike mimi niliyeyaficha. Ofisa ustawi aliweka kalamu chini.

Ndipo mzee akamgeukia binti yake. Akamwambia kwamba jina lao la ukoo lilikuwa na urefu mara mbili ya hili wanalotumia. Mwenye nyumba wa kwanza aliyemwendea katika mji huu alimwambia hapangishi Wagiriki. Kwa wa pili akaenda na jina alilolikata mwenyewe njiani, akapewa ufunguo.

"Uliniambia ulilikata ili litoshe kwenye bango la mkahawa," binti akasema.

"Ndivyo nilivyotaka ujue."

Binti alilia. Kisha akamwomba baba yake alitamke jina lote, mzee akalitamka, binti akajaribu kulirudia na kukwama katikati, wakacheka wote wawili huku wanafuta machozi. Muuguzi mkuu akafunga faili. "Hahami," akasema. Aliniambia nikarekebishe kumbukumbu zangu kabla zamu haijaisha, na nikarekebishe vizuri. Nilikimbia. Sijawahi kuandika kitu kwa furaha kama nilivyoandika siku ile: mkazi anafuata saumu ya dini yake, anajua siku, anakumbuka kila kitu. Kwenye korido Mkenya wangu alikuwa ananisubiri amejitia anafuta vyuma vya kushikilia vya ukutani. Niliponyanyua ngumi juu akapiga kigelegele, mzee wa chumba cha nne akadhani moto umeshika.

Mstaafu wa reli alizungumzishwa na muuguzi mkuu. Sijui aliambiwa nini, ila wiki ile vijiko havikutajwa.

Pasaka ya mzee ilifika barafu yote imeshayeyuka na mti wa kwenye maegesho ya magari umechanua maua ya zambarau. Haikuwa siku yangu ya kazi, lakini nilienda, na binti yangu nikamchukua. Mzee akaomba akalie meza yake ya zamani. Binti yake alikuwa ameleta bakuli la mayai mekundu yaliyochemshwa kwa maganda ya vitunguu, mekundu hasa, yanang'aa kwa mafuta. Wao hugonganisha yai kwa yai, ncha kwa ncha, na ambaye yai lake halikupasuka ndiye mwenye bahati ya mwaka.

Mzee akachagua la kwake kwa kuyagonga kwenye meno, moja baada ya jingine. Kisha akamsogezea bakuli mstaafu wa reli. "Kabla hatujaanza," akasema kwa sauti ya ukumbi mzima kusikia, "hesabu vijiko vyako." Mstaafu akawa mwekundu kushinda yai. Halafu, kwa heshima yake niseme, akavihesabu kweli, kimoja kimoja, akasema vimetimia, akachukua yai. Mzee akalipasua kwa pigo moja. Ukumbi ukalipuka. Akalipasua la muuguzi mkuu. Akalipasua la binti yake, la Mkenya wangu, na la kwangu, akimtania kila mmoja wetu kwa zamu yake. Mayai matano yote yalikuwa chali mbele yake na lake zima, naye amekaa ameinua kidevu. Nilifurahi mpaka nikasahau kwamba nimeshindwa.

Amebaki binti yangu. Alilishika yai lake akalifunika na kiganja, ameacha ncha ndogo tu, kama anavyoficha sambusa. Mzee akagonga. Kukasikika mlio, na yai lililopasuka lilikuwa la mzee.

Akalitazama upande huu na upande ule. Akamtazama mtoto. Kisha akamnyooshea kidole, nyusi zote juu, akamwambia kwa Kiswahili nilichomfundisha mimi, kila herufi mahali pake: "Mgiriki we!"

Nilitaka bibi yangu awepo asikie. Binti yangu, ambaye huwajibu watu wote kwa Kiingereza, aliinua yai lake juu ya kichwa na kujibu kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa, "Ndiyo! Mimi!"